Bar, psi, kilopaskali au mita za maji: ushike kipimo kipi cha presha?

Mtu anayejenga nyumba leo anaweza kukutana na vipimo vitano vya presha kabla maji hayajafika bafuni. Pampu imeandikwa "H max 38 m". Swichi inayoiwasha na kuizima imepangwa kiwandani kwenye bar 1.4 na 2.8. Bomba la plastiki limepigwa chapa ya PN 10. Geji aliyoipata dukani inasoma psi kwenye duara la nje na kg/cm² kwenye duara la ndani. Hita ya kuogea inadai kPa 10 kwenda juu. Vyote vinaeleza jambo moja, yaani maji yanasukuma kwa nguvu kiasi gani kwenye kila kipande cha eneo, lakini kila kimoja kina ukoo wake.

Kugeuza kimoja kuwa kingine ni kazi ya sekunde chache kwa simu. Kinachowakwamisha watu ni uamuzi unaotangulia: niandike kipi kwenye daftari, nimwambie fundi kipi, ninunue geji inayosoma nini? Nimeuegemeza ulinganisho huu zaidi kwenye maji ya nyumbani na shambani, kwa kuwa huko ndiko mkanganyiko wa vipimo unakowagharimu watu pampu na mabomba. Tairi, gesi ya kupikia, uzamiaji na shinikizo la damu navyo vimo, kila kimoja mahali pake.

## Vigezo

Nimevipima vipimo vyote kwa maswali manne yale yale.

Kwanza, kinapatikana wapi? Kipimo ambacho hakipo kwenye geji wala kwenye lebo za vifaa vya mji wako kitakulazimisha kugeuza kila siku, na kila ugeuzaji ni nafasi mpya ya kukosea.

Pili, hesabu yake inafanyika kichwani? Juu ya ngazi, mikono ikiwa imelowa, hakuna anayetoa simu mfukoni.

Tatu, kosa lake la kawaida ni lipi? Kila kipimo kina mtego wake. Mingine inakupotezea asilimia 2, ambayo hutaiona maishani. Mingine inakupeleka mara kumi ya presha uliyotaka.

Nne, kinamfaa nani? Hapa namfikiria pia atakayesoma baada yako: fundi bomba, muuza vifaa, mhandisi, nesi.

## Kabla ya kuchagua: presha ya geji au presha kamili?

Hewa inayotuzunguka nayo ina presha. Usawa wa bahari, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, ni takriban bar 1.013, sawa na psi 14.7, kPa 101.3, au safu ya maji yenye urefu wa mita 10.3. Geji ya kawaida haiihesabu hewa hiyo. Ikiwa mezani, haijafungwa popote, inasoma sifuri. Hiyo ndiyo presha ya geji. Presha kamili huanza kuhesabiwa kwenye utupu, hivyo ni presha ya geji ukijumlisha na ya hewa ya mahali ulipo. Kwenye karatasi za watengenezaji utaona psig na psia: herufi g ni ya geji, herufi a ni ya kamili.

Kwa bomba, tenki na mtungi, presha ya geji inatosha. Kuna sehemu mbili ambako kutojua tofauti hii kunauma.

Ya kwanza ni pampu inayokaa juu ya ardhi na kuvuta maji kutoka chini. Pampu haivuti kitu. Inapunguza hewa ndani ya bomba, na presha ya hewa iliyo nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Pwani, mwisho wa kinadharia ni mita 10.3. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ina takriban kPa 82 tu, na mwisho huo unashuka hadi mita 8.3 hivi. Ukitoa msuguano wa bomba na vali ya chini, pampu iliyokuwa ikivuta kutoka mita 7 Tanga itahangaika kwenye mita 5 Nairobi. Pampu haijaharibika. Kilichopungua ni hewa ya kuisaidia, na hakuna hosipawa za ziada zitakazoirudisha.

Ya pili ni tairi. Jaza psi 32 Nairobi, shuka hadi Mombasa, kisha pima tena, joto la tairi likiwa lile lile: geji itasoma karibu psi 29 ingawa hakuna upepo uliotoka. Joto la pwani hurudisha sehemu ya pengo hilo, ndiyo maana wengi hawalioni.

## Bar

Kinapopatikana. Swichi za pampu, geji nyingi zenye asili ya Ulaya, mitungi ya wazamiaji, na chapa za mabomba. PN 10 ina maana kuwa bomba limetengenezwa kuhimili bar 10 za maji mfululizo kwenye nyuzijoto 20 za Selsiasi; PN 16 ni bar 16. Kumbuka hizo nyuzi 20. Bomba la plastiki lililopita juu ya bati, linalopigwa na jua la mchana, hupoteza sehemu ya uwezo wake, kwa hiyo usilipangie presha inayogusa namba iliyoandikwa ubavuni.

Hesabu ya kichwani. Nyepesi kuliko zote. Bar 1 ni kPa 100 kamili. Bar 1 ni mita 10.2 za maji, na kwa kazi za kawaida mita 10 inatosha. Kwenda psi, zidisha kwa 15 kisha toa nusu ya idadi ya bar: bar 2.8 mara 15 ni 42, toa 1.4, unapata psi 40.6. Ndiyo maana swichi iliyoandikwa bar 1.4–2.8 na ile iliyoandikwa psi 20–40 ni kitu kimoja, hata kama zimekaa kwenye rafu tofauti kwa bei tofauti.

Kosa lake. Milibar. Regulator ya jiko la gesi inaweza kuandikwa mbar 30, ambayo ni sehemu 30 za elfu ya bar, presha ndogo kiasi kwamba inainua maji sentimita 30 na ushee tu. Fundi gesi anaweza kuipima kwa mpira unaoonyesha ndani uliokunjwa umbo la U na kutiwa maji. Ndani ya mtungi wenyewe mna bar kadhaa. Mtu asiyeitazama ile herufi ndogo "m" amezidisha mara elfu moja, na kwenye gesi hilo ni jambo la kuogopa kwelikweli.

Kinamfaa nani. Fundi bomba, mwenye nyumba aliyefunga pampu ya presha, na yeyote anayenunua mabomba kwa chapa ya PN.

## Psi

Kinapopatikana. Gereji, kompresa, vituo vya kujaza upepo, vitabu vya mashine kutoka Marekani, na visima vya mafuta vya Ghuba wanakofanya kazi ndugu zetu wengi. Ni pauni za nguvu kwa kila inchi mraba, kipimo kilichoingia kwetu kwa mlango ule ule ulioleta mabomba ya nusu inchi na robo tatu. Kwa mjaza upepo hakuna hata haja ya kukitaja. Unasema "weka thelathini na mbili", naye anaelewa.

Hesabu ya kichwani. Kwenda bar, zidisha kwa 7 kisha gawa kwa 100: psi 32 inakuwa bar 2.24, na jibu halisi ni 2.21. Kwenda mita za maji, zidisha kwa 0.7: psi 40 ni mita 28. Psi ina faida moja ambayo wapenzi wa vipimo vya metriki huisahau. Hatua zake ni ndogo na ni namba kamili. Kati ya bar 2 na bar 2.5 mna tofauti ambayo dereva anaihisi kwenye usukani, na kwa psi hiyo ni safari ya kutoka 29 hadi 36, bila nukta yoyote ya kusahau.

Kosa lake. Hukutana na vipimo vingine vyenye sura inayofanana. Magari mengi yaliyotumika yanayofika kwetu kutoka Japani yana kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinachosema kPa 220, na pembeni yake 2.2, ambayo ni kgf/cm², yaani ile ile kg/cm². Hakuna 32 popote. Dereva akikosa kuiona anajaza kwa mazoea, na mazoea ya gari dogo hayafai kwa gari lililobeba mzigo. Kwa kumbukumbu: kPa 220 ni psi 32, kPa 230 ni psi 33, kPa 250 ni psi 36. Lori linalotaka psi 110 linataka bar 7.6.

Kosa la hatari zaidi liko baharini. Wazamiaji waliofundishwa kwa bar hupanga kurudi juu wakiwa na akiba ya bar 50. Waliofundishwa kwa psi hutaja 500. Watu hudhani ni akiba moja iliyosemwa kwa lugha mbili, lakini psi 500 ni bar 34 tu, wakati bar 50 ni psi 725. Wawili wakizama pamoja Mnemba au Watamu, mmoja ana geji hii na mwingine ile, wakubaliane namba kabla ya kuingia majini, na wachukue iliyo kubwa. Namba za mviringo hazigeuzwi na kikokotoo. Kila kundi linajichagulia za kwake.

Kinamfaa nani. Dereva, fundi gereji, mpaka rangi anayetumia kompresa, na yeyote ambaye mshauri wake ana geji ya psi mkononi.

## Kilopaskali na megapaskali

Kinapopatikana. Vitabu vya shule, ripoti za wahandisi, zabuni, kibandiko cha mlango wa gari, na geji nyingi zilizotengenezwa China ambazo huandikwa MPa. Paskali moja ni nguvu ya newtoni 1 kwenye mita mraba 1. Jina hilo, la Mfaransa Blaise Pascal, lilipitishwa rasmi na mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo mwaka 1971. Paskali yenyewe ni ndogo mno, sawa na sehemu ya kumi ya milimita moja ya maji, ndiyo maana tunaitumia kwa maelfu na mamilioni.

Hesabu ya kichwani. Ukiwa na kalamu hakuna kinachoishinda. Uzito wa maji ni kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, mvutano wa dunia ni 9.81, kimo ni mita 6: zidisha, unapata paskali 58,860, yaani kPa 58.9. Hakuna namba ya kugeuzia iliyojificha katikati. Vipimo vingine vingi hapa vinahitaji moja. Bila kalamu, kPa kwenda bar ni kuhamisha nukta hatua mbili, na kPa kwenda psi gawa kwa 7: kPa 220 inakupa 31.4, pungufu kidogo ya 31.9 iliyo halisi.

Kosa lake. Nukta. Geji ya MPa inayosoma 0.6 inaonyesha bar 6, si bar 0.6. Mtu aliyezoea bar anaiona sifuri mbele, anaamini presha ni ndogo, anaendelea kufungua. MPa 1 ni bar 10, psi 145, mita 102 za maji. Ukinunua geji ya MPa, iandike hiyo kwa kalamu ya rangi isiyofutika ubavuni mwake siku hiyo hiyo.

Wanaofuatilia hali ya hewa hukutana na hektopaskali, hPa, ambayo ni sawasawa na milibar. Presha ya kawaida ya usawa wa bahari ni hPa 1,013.

Kinamfaa nani. Mwanafunzi, mwalimu wa fizikia, mhandisi, mwandishi wa zabuni. Mtu wa kazi za mikono ataihitaji kwa kusoma zaidi kuliko kwa kuandika.

## Mita za maji

Kinapopatikana. Kwenye kibao cha kila pampu, chini ya herufi H. Hita za kuogea zilizotengenezwa Brazil nazo huweza kuandikwa m.c.a., ambayo ni mita za safu ya maji. Hiki ndicho kipimo cha zamani kuliko vyote kwa maana: Torricelli alipopima hewa mwaka 1643 kwa safu ya zebaki, alikuwa akijibu fumbo la mafundi wa pampu wa Italia ambao maji yao yaligoma kupanda zaidi ya mita 10 hivi.

Hesabu ya kichwani. Ni utepe wa kupimia tu. Tenki likiwa na maji mita 6 juu ya koki, koki hiyo ina mita 6 za presha, na hakuna cha kugeuza. Ukitaka bar, gawa kwa 10, unapata 0.6 (halisi ni 0.59). Kwa psi, zidisha kwa 1.42, unapata 8.5.

Napenda kukaa kidogo hapa, kwa sababu kipimo hiki kinafundisha jambo ambalo vingine vinalificha. Familia nyingi zenye shawa dhaifu huambiwa zinunue tenki kubwa zaidi, na zinalipa. Tenki la lita 5,000 na la lita 500 kwenye mnara mmoja, maji yakiwa kimo kimoja, yanatoa presha ile ile. Tenki kubwa linaongeza siku za akiba. Kwenye shawa haliongezi chochote. Fedha hiyo ingeinua mnara mita 2, au ingenunua bomba pana zaidi la kushukia, na mtu angeoga vizuri. Inaumiza kuona watu wanauziwa lita wakati walichokosa ni mita.

Fikiria nyumba ya chini yenye tenki lililolazwa juu ya dari ya zege. Maji yanapopungua, usawa wake unaweza kubaki nusu mita tu juu ya kichwa cha shawa. Hita inayodai kPa 10 inadai mita 1. Haitawaka, na fundi umeme atabadilisha hita nzima bila mafanikio. Kwa kPa tatizo hili halionekani. Kwa mita unaliona kwa macho ukiwa umesimama mlangoni.

Kisimani faida ni kubwa zaidi, kwa kuwa kila kitu kinajumlishwa kwa kipimo kimoja: mita 45 kutoka juu hadi usawa wa maji pampu ikiwa inafanya kazi, mita 6 za mnara, mita 5 zinazopotea kwa msuguano wa bomba. Jumla mita 56. Hiyo ndiyo namba ya kumpa muuza pampu, pamoja na lita unazotaka kwa saa.

Kwenye umwagiliaji wa matone vilevile. Ndoo au pipa lililoinuliwa mita 1 lina bar 0.1. Kuna mipira iliyotengenezwa kwa presha hiyo ndogo, lakini mingi ya dukani imekusudiwa kufanya kazi kwenye karibu bar 1, yaani mita 10. Mkulima akichanganya hizo mbili, mimea ya mwanzo wa mstari inapata maji na ya mwisho inakauka.

Kosa lake. Yako matatu. La kwanza ni kuamini H max. Hicho ni kimo ambacho pampu inafikia ikiwa haitoi maji hata tone. Pampu yenye H max 38 m haitakupa lita za maana kwenye mita 35. Tazama mchoro wa pampu, unaoonyesha inatoa maji kiasi gani kwenye kila kimo, na uchague kazi yako iangukie katikati yake. La pili ni kuchukua kina cha kisima badala ya kina cha maji. Kisima cha mita 100 chenye maji kwenye mita 45 kinahesabiwa mita 45, hata kama pampu imening'inizwa mita 80, mradi usawa haushuki wakati wa kuvuta. La tatu ni kusahau kwamba ni mita za maji baridi yasiyo na chumvi. Pampu ileile ikisukuma dizeli itafikisha kimo kilekile, lakini geji ya bar itasoma pungufu: mita 40 za maji ni bar 3.9, mita 40 za dizeli ni kama bar 3.3. Ndiyo sababu watengenezaji huandika mita kwenye kibao, maana kimo cha pampu hakibadiliki na uzito wa kimiminika.

Kinamfaa nani. Anayenunua pampu, anayejenga mnara wa tenki, mkulima, kamati ya maji ya kijiji.

## Kg/cm²

Geji za zamani, nyingi za kutoka India, na vibandiko vya magari ya Japani. Kg/cm² 1 ni mita 10 za maji, na ni bar 0.98. Kwa kazi za mikono ihesabu kama bar na uendelee. Umepoteza asilimia 2. Kosa lake pekee ni kwamba watu huifupisha kuwa "kilo", kisha msikilizaji asijue kama ni kilo za presha au za mzigo. Inamfaa mtu mwenye geji ya aina hiyo inayofanya kazi vizuri. Kwa maandishi mapya sioni sababu ya kuichagua.

## Milimita za zebaki

Shinikizo la damu linasomwa kwa mmHg karibu kila zahanati, na hapo usigeuze kitu. Daktari anajua 120/80 na anajua kuwa 140/90 ni mpaka; ukimwandikia kPa 16 na 10.7 umempa kazi ambayo haikumsaidia mgonjwa. Makubaliano ya Minamata kuhusu zebaki, yaliyopitishwa mwaka 2013, yameviondoa vipimo vyenye safu ya zebaki sokoni hatua kwa hatua, lakini mashine za betri zilizovirithi zinaendelea kusoma milimita zile zile.

Kuna mtego mmoja wa mpakani. Katika mazoea ya kitabibu ya Kifaransa, yanayokutwa pia Kongo na Burundi, presha husemwa kwa sentimita za zebaki: 12/8 ni 120/80. Mgonjwa mwenye daftari la 14/9 anayefika Kigoma ana 140/90. Ongeza sifuri, basi.

## Vyote kwa pamoja

| Kipimo | bar | psi | kPa | mita za maji |
|---|---|---|---|---|
| bar 1 | 1 | 14.5 | 100 | 10.2 |
| psi 1 | 0.069 | 1 | 6.9 | 0.70 |
| MPa 1 | 10 | 145 | 1,000 | 102 |
| mita 10 za maji | 0.98 | 14.2 | 98 | 10 |
| kg/cm² 1 | 0.98 | 14.2 | 98 | 10 |
| mmHg 100 | 0.133 | 1.93 | 13.3 | 1.36 |

Jambo moja kuhusu tarakimu. Kikokotoo cha simu kitakuambia kwamba psi 32 ni bar 2.20632. Usiziandike zote. Geji ya kawaida ya daraja la 2.5 inaruhusiwa kukosea asilimia 2.5 ya kipimo chake cha juu kabisa, popote mshale ulipo. Kama uso wake unaishia bar 10, kosa ni bar 0.25 juu au chini. Kama unaishia bar 16, ni bar 0.4, na ukiifunga geji hiyo chini ya tenki lenye bar 0.6 haikuambii lolote la maana. Tarakimu moja baada ya nukta inatosha kwa bar, namba kamili inatosha kwa psi. Nunua geji ambayo presha yako ya kawaida itasimama karibu na katikati ya uso.

Na ugeuze mara moja tu. Anayetoka psi kwenda bar kwa kukadiria, kisha bar kwenda mita kwa kukadiria, amebeba makosa mawili. Tafuta njia ya moja kwa moja kwenye jedwali.

## Kulingana na hali yako

Unanunua pampu au kujenga mnara: fanya kila kitu kwa mita hadi mwisho. Ukishapata jumla ndipo ugawe kwa 10 ili kuchagua bomba. Mita 56 ni karibu bar 5.5, PN 6 itakuwa imebanwa mno, chukua PN 10.

Pampu ya presha tayari imefungwa na unataka kurekebisha swichi: bar, na geji ya bar 0 hadi 6. Kama geji iliyopo ni ya psi na ni nzima, usiitupe. Zidisha namba za swichi kwa 14.5 na uzibandike kwenye kifuniko.

Uko barabarani: soma kibandiko cha mlango, kigeuze kuwa psi mara moja, uandike namba hiyo ndani ya kijaruba cha nyaraka za gari. Pima tairi likiwa baridi.

Unasoma fizikia au unaandika zabuni: kilopaskali, na useme wazi kama ni ya geji au kamili. Wazabuni kutoka nchi tofauti wataisoma bila kukuuliza.

Unaishi nyanda za juu, Mbeya au Nairobi au Eldoret, na pampu yako inavuta kutoka chini: hesabu kwanza hewa ya mahali pako kwa mita, kisha kina. Ukikuta pengo ni dogo, nunua pampu ya kuzama kisimani badala ya kubwa zaidi ya juu.

Gesi ya kupikia: milibar, kama ilivyoandikwa kwenye jiko na kwenye regulator, na namba hizo mbili zilingane.

Kazi ina watu wengi, mmoja anaongea psi, mwingine bar, na mlinzi anayewasha pampu usiku haongei chochote kati ya hivyo: andika ukutani bar 2.8 na psi 40 kwa pamoja, kisha chora mstari mwekundu kwenye kioo cha geji mahali ambapo mshale haupaswi kupita.